Kuukeni, Ukweni na Ujombani: Historia ya Nasaba ya Mama na Istilahi Zake

Mfasiri anayeshughulika na vitabu vya historia, vya sheria au vya elimu ya jamii hachelewi kukutana na habari za watu wanaohesabu ukoo kwa mama. Dhana hiyo si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Wasemaji wengi wa Kiswahili wamezaliwa na kulelewa ndani yake. Hata hivyo, inapoingia katika maandishi yetu huvikwa vazi lisilo lake. Huku utaikuta imeitwa "utawala wa wanawake", kule "mfumo jike", na pengine "jamii za kimama", kana kwamba mambo yote hayo ni mamoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba ndani ya dhana hiyo mna mambo matatu mbalimbali, yaani nasaba, makazi na mamlaka, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyatenganisha. Kosa la kuyachanganya si kosa la mtindo tu. Limekwisha kuwagharimu watu mashamba.

Mchanganyiko huo hatukuuzua sisi. Mwaka 1861 mwanasheria wa Uswisi, Johann Jakob Bachofen, alichapisha kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Haki ya Mama. Kwa kuchunguza hadithi za kale za Wayunani na Warumi, alidai kwamba kabla ya baba kushika usukani wanadamu walipitia zama ambazo mama ndiye aliyetawala. Mmarekani Lewis Henry Morgan, aliyewajua vizuri Wairokwoi wa Amerika ya Kaskazini, aliandika mwaka 1877 kwamba ukoo wa mama uliutangulia ukoo wa baba. Friedrich Engels akayachukua mawazo hayo katika kitabu chake cha 1884 juu ya asili ya familia, mali ya binafsi na dola, nacho kikasomwa sana katika nchi zilizofuata siasa ya ujamaa. Hivyo ndivyo wazo la zama za utawala wa mama lilivyotembea duniani. Wataalamu wa leo hawalikubali. Hata kwa Wairokwoi, ambako wanawake wazee wa ukoo waliwateua wakuu na waliweza kuwaondoa, wakuu wenyewe walikuwa wanaume. Nadharia imekwisha kufa, lakini neno lake limebaki hai, na mfasiri asiyejua historia yake hulibandika juu ya watu ambao halikuwahusu kamwe.

Mfano unaopendwa kutajwa nchini Tanzania ni ule wa Simbamwene wa Morogoro. Henry Morton Stanley alipopita hapo mwaka 1871, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, aliuona mji wenye boma la mawe na minara, akaambiwa kwamba mtawala wake ni mwanamke, binti mkubwa wa Kisabengo, yule Mzigua aliyeujenga mji huo kwa mabavu. Kwa kuwa Wazigua ni miongoni mwa watu wanaohesabu ukoo kwa mama, wako wanaomtaja Simbamwene kama ushahidi kwamba kwa ukoo wa mama wanawake ndio wanaotawala. Lakini hebu tuitazame habari yenyewe. Simbamwene alipewa mji na baba yake. Kwa kanuni ya ukoo wa mama binti hamrithi baba, maana si wa ukoo wake; cheo cha Kisabengo kingestahili kwenda kwa mpwa, mtoto wa umbu lake. Malkia huyo, basi, si tunda la nasaba ya mama bali ni tunda la kuvunjwa kwake, jambo lisilo ajabu katika mji uliojengwa upya na mtu wa vita katika zama za misafara ya watumwa na pembe. Anayetaka kuonyesha utawala wa mwanamke anaye Simbamwene. Anayetaka kuonyesha nasaba ya mama hana budi kutafuta mfano mwingine.

Mfano huo hauko mbali na mji uo huo. Ni milima ya Uluguru inayouelemea mji wa Morogoro kwa upande wa kusini. Waluguru wamo katika kundi la makabila jirani ya mashariki ya Tanzania, yaani Wazaramo, Wakwere, Wakutu, Wavidunda, Wakaguru, Wanguu na Wazigua, ambayo mtaalamu T. O. Beidelman aliyakusanya katika kitabu kimoja cha mwaka 1967 kwa sababu hiyo hiyo ya kuhesabu ukoo kwa mama. Kusini zaidi wako Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, na kutoka hapo ukanda huo unaendelea kupitia Msumbiji, Malawi na Zambia hadi Kongo. Si visiwa vya mila vilivyosahauliwa, bali ni eneo kubwa la bara.

Kwa Mluguru, mtu ni wa lukolo la mama yake. Hana hiari katika hilo, wala ndoa haimbadilishi. Lukolo limegawanyika katika matawi madogo, na tawi moja huitwa tombo, ambalo ni ziwa la mama. Waliotoka tombo moja ni watu wa bibi mmoja anayejulikana. Mume na mke hawawi wa ukoo mmoja hata wakikaa pamoja miaka hamsini, na watoto wao ni wa upande wa mama. Hii haina maana kwamba baba ni mgeni. Upande wa baba una heshima yake, una wajibu wake katika maisha na katika mazishi, na baina ya watoto wa mjomba na watoto wa shangazi kuna utani. Lakini anapoulizwa "wewe ni nani katika nchi hii?", Mluguru hujibu kwa lukolo.

Sasa ni nani aliyeshika mamlaka katika tombo? Kwa kawaida alikuwa mwanamume. Alikuwa mjomba, ndugu wa kiume wa hao akina mama ambao ukoo ulihesabiwa kwao. Yeye ndiye aliyegawa ardhi, aliyetambika, aliyeamua ugomvi na aliyesikilizwa katika mambo ya posa. Alipofariki, jina lake na nafasi yake vilikwenda kwa ndugu yake wa tumbo moja au kwa mpwa wake, ndiyo maana huko Uluguru jina la mkuu, kama lile la Kingalu wa Kinole, limeendelea kuvaliwa na mtu baada ya mtu kwa vizazi kadhaa. Wanawake wazee walikuwa na sauti, na mahali pengine sauti kubwa, kwa kuwa bila wao tombo halina mtu wa kulirithi. Lakini kusema "wanawake walitawala Uluguru" ni kusema uongo, na kusema "wanaume walitawala kama kwingineko" nako ni kusema uongo, kwa kuwa mwanamume huyo alitawala nyumbani kwa umbu lake na si nyumbani kwa mkewe.

Hapa yafaa tusimame kidogo kwenye neno "umbu", ambalo wengi wetu tumelitupa katika kapu la maneno ya washairi. Kiswahili cha kila siku kimeridhika na "ndugu", "kaka" na "dada". Lakini "dada" ni dada wa mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, na "ndugu" ni wa kila namna. "Umbu" ni ndugu wa jinsia nyingine: ni dada akitazamwa na kaka yake, au kaka akitazamwa na dada yake. Katika nasaba ya mama uhusiano huo ndio mhimili wa nyumba nzima, na neno lake tunalo. Mfasiri akiandika "mpwa ni mtoto wa umbu la mwanamume", amesema kwa maneno saba jambo ambalo vinginevyo lingemtaka sentensi mbili za maelezo.

Turudi katika ardhi, kwa kuwa huko ndiko istilahi zilikojeruhi. Shamba la Uluguru lilikuwa la tombo. Mtu wa tombo, mwanamume kwa mwanamke, alipewa sehemu ya kulima kwa haki ya kuzaliwa. Mume aliyelima katika ardhi ya tombo la mkewe alilima kwa haki ya mkewe; mtu wa kando aliyeomba shamba alipewa kwa masharti, na alitoa malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mzee alipomwuliza mkulima "shamba hili la nani?", jibu lilikuwa na tabaka mbili au tatu. Kiswahili kina neno "mwenye", ambalo ni pana mno: mwenye shamba aweza kuwa anayelilima mwaka huu, au aliyelirithi, au mkuu wa ukoo anayeligawa. Katika mazungumzo upana huo haudhuru, kwa kuwa wasemaji wanafahamiana. Katika daftari la serikali unadhuru sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 zikatokea ghasia huko Matombo, na mpango ukavunjika. Sababu zilikuwa nyingi: kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka kama ilivyoahidiwa, watawala wa kienyeji walioisimamia hawakuwa na idhini ya watu. Lakini hapana budi kuikumbuka na sababu ya nasaba. Roland Young na Henry Fosbrooke, walioandika juu ya ardhi na siasa za Waluguru katika kitabu kilichotoka mwaka 1960, walieleza kwa kirefu jinsi ardhi ilivyoshikwa na matawi ya ukoo, wala si na kaya moja moja. Tuta la ngazi ni kazi ya kudumu. Mtu akilichimba katika shamba alilopewa kwa muda, je, limebaki shamba la muda? Na mume akilichimba katika ardhi ya tombo la mkewe, jasho hilo ni la nani siku ndoa ikivunjika? Swali la "nani mwenye shamba" lilikuwa limeulizwa kwa neno moja mahali palipohitaji maneno matatu. Kwa maoni yangu, maneno hayo ni "mlimaji", "mshika shamba" na "mwenye ardhi", na inafaa yawekwe mbalimbali katika kila tafsiri inayohusu ardhi ya ukoo, badala ya "mmiliki" anayetumika siku hizi kwa wote.

Kosa la namna hiyo halikuondoka pamoja na wakoloni. Katika miaka ya 1960 serikali huru ilianzisha miradi ya makazi mapya, mingine ikiwa katika mkoa wa Morogoro. James L. Brain, aliyefanya kazi katika miradi hiyo, aliandika mwaka 1976 kwamba wanawake waliohamia huko walijikuta na haki pungufu kuliko walizokuwa nazo vijijini kwao. Nyumbani mwanamke wa Kiluguru alikuwa na shamba katika ardhi ya tombo lake, na alipoachwa alikuwa na pa kurudi. Katika mradi shamba liliandikwa kwa mume, na fedha za mazao zikalipwa kwa mume, kwa kuwa fomu ilimtaka "mkuu wa kaya". Neno hilo lilionekana safi, halimdhuru mtu. Lakini katika nchi ambayo mkuu wa kaya na mkuu wa ukoo ni watu wawili wa koo mbili, fomu yenye nafasi moja imekwisha kuamua kesi kabla haijaletwa.

Sheria nazo zina habari ya kufanana na hiyo. Baina ya 1961 na 1963 Tanganyika ilifanya kazi kubwa ya kuunganisha sheria za mila, kazi iliyoanzishwa na Hans Cory. Matokeo yake yalitangazwa katika matangazo ya serikali mawili ya mwaka 1963, Na. 279 na Na. 436, juu ya hali ya watu na juu ya urithi. Kanuni mojawapo ya tangazo la kwanza husema kwamba watoto waliozaliwa katika ndoa ni wa baba. Kazi hiyo ilihusu makabila yanayohesabu ukoo kwa baba, ambayo ndiyo mengi. Yale ya ukoo wa mama, ambayo mara nyingi hukadiriwa kuwa moja ya tano, yaliachwa kando. Kuachwa kando si kufutwa, na mila zao ziliendelea kuwa mila halali. Lakini kilichoandikwa hushinda kisichoandikwa, hasa mbele ya karani mwenye haraka. Mtu akitafuta "sheria ya mila ya urithi" kwa Kiswahili, anachokipata ni sheria ya kuumeni, na jina lake halimwambii kwamba ni nusu tu ya habari. Laiti matangazo hayo yangeitwa tangu mwanzo "sheria za mila za nasaba ya baba", hakimu wa mwanzo wa Kisarawe au wa Newala angezisoma kwa tahadhari inayostahili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa na busara zaidi, kwa kuwa katika kuamua mtoto akae na nani huitaka mahakama iangalie, pamoja na mambo mengine, desturi za jamii ya wahusika. Ili hakimu aiangalie desturi, sharti iwe na jina.

Hadi hapa tumesema juu ya nasaba na mamlaka. Makazi ni jambo la tatu, nalo ndilo linalochanganywa zaidi, kwa sababu watu hudhani kwamba palipo na ukoo wa mama mume huhamia kwa mke. Huenda ikawa hivyo, huenda isiwe. Kwa Wayao ilikuwa hivyo: kijana alikwenda kukaa katika kijiji cha mkewe, na kiini cha kijiji kilikuwa kundi la akina dada pamoja na watoto wao, liitwalo mbumba, chini ya uangalizi wa kaka yao mkubwa. Wachewa wa Malawi wanayo maneno mawili yanayotenganisha namna mbili za ndoa: chikamwini, mume anapohamia kwa akina mke, na chitengwa, mke anapochukuliwa kwenda kwa mume. Katika zote mbili watoto hubaki wa ukoo wa mama. Huko Uluguru mambo yalikuwa ya mchanganyiko, kwa sababu koo zilikaa karibu karibu na mtu aliweza kuishi kwa mke akalima kwa mjomba. Na katika visiwa vya Trobriand, mashariki ya Guinea Mpya, ambavyo Bronislaw Malinowski alivichunguza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume wa ukoo wa mama alikwenda kukaa katika kijiji cha mjomba wake na mke akamfuata huko. Nasaba ni ya mama, lakini mama mwenyewe anaishi mbali na ardhi ya ukoo wake maisha yake yote ya ndoa.

Audrey Richards, aliyeishi na Wabemba, alizilinganisha jamii hizi katika makala ya mwaka 1950. Alionyesha kwamba zote zinajaribu kufumbua fumbo moja: mwanamke ni wa kaka yake kwa ukoo, na ni wa mumewe kwa ndoa, na watoto wanavutwa huku na huku. Kila jamii imekata shauri lake juu ya nani akae wapi. Kwa hiyo neno la nasaba haliwezi kubeba habari ya makazi.

Inafaa niongeze hapa kisa cha kisiasa, maana kinaonyesha jinsi maneno ya ukoo yanavyoweza kutumiwa na mtawala. Hastings Kamuzu Banda, aliyeiongoza Malawi tangu uhuru wa 1964 hadi 1994, alijiita Nkhoswe nambari moja, na wanawake wa nchi nzima, waliokuwa wakimchezea ngoma katika mikutano, wakaitwa mbumba yake. Nkhoswe ni yule mjomba au kaka anayesimamia ndoa na masilahi ya dada zake. Kwa neno hilo Banda hakujiita baba wa taifa, kama walivyoitwa viongozi wengine. Alijiita mjomba wa taifa, na kila msikilizaji wa Kichewa alielewa uzito wake. Mfasiri wa Kiswahili ataliwekea neno gani? "Mshenga" ni mdogo mno, kwani mshenga hutumwa na nkhoswe hatumwi. "Walii" wa ndoa ya Kiislamu yuko karibu zaidi kwa kazi, lakini nasaba yake ni ya baba. Naona kuna ulazima wa kusema "mjomba msimamizi", na kueleza mara moja.

Pwani yetu nayo haiko nje ya habari hii. Kisiwani Ngazija, ambako watu ni Waislamu kwa karne nyingi na lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili, mume huhamia katika nyumba ya mke, nyumba iliyojengwa na jamaa wa mke. Iko pia ardhi iitwayo manyahuli ambayo hushuka kwa mabinti wa ukoo wa mama na haigawanywi kwa mafungu ya sheria ya Kiislamu. Kabla ya himaya ya Wafaransa ya mwaka 1886, hata usultani wa kisiwa uligombewa na koo za upande wa mama. Kwa Wadigo wa Kwale na Tanga, kusilimu kulileta mvutano mrefu zaidi: mpwa alidai mali ya mjomba kwa mila, na mtoto akadai mali ya baba kwa sharia, na mara nyingi mali iliyokuwa ikigombewa ni ile ile. Wamijikenda, kwa upande wao, waliwaita Waswahili adzomba, yaani wajomba. Neno la ukoo likawa jina la watu.

Sasa tuje katika istilahi zenyewe. Kiswahili kina "kuukeni" na "kuumeni", maneno mazuri, ya asili, yanayofahamika bara na pwani. Wengine wamependekeza kwamba yatumike peke yake kwa dhana yote. Hapo pana mtego. "Kuukeni" ni upande wa mama, lakini katika shughuli ya arusi ni upande wa bibi arusi. Mtu akisema "wanaishi kuukeni", je, wanaishi kwa mama yake mume au kwa jamaa za mke? Nafikiri mtego huo unaondoka neno likipewa jina la kulitangulia. "Nasaba ya kuukeni" haiwezi kuwa na maana mbili, kwa sababu hakuna mtu anayehesabu nasaba yake kwa mkewe. "Makazi ya kuukeni" nayo, kwa mapatano, yawe makazi kwa jamaa za mke. "Ukweni" lina tatizo kubwa zaidi: kwa mume ukweni ni kwa mke, na kwa mke ukweni ni kwa mume. Katika hadithi ni neno tamu. Katika istilahi halifai mpaka litajwe ni ukweni wa nani.

"Ujombani", kwa upande mwingine, halina shaka lolote. Kila mtu anayo ujombani moja, na haiwi nyingine hata atazamwe na nani. Kwa hiyo makazi ya Trobriand yaitwe "makazi ya ujombani", na mamlaka tuliyoyaona Uluguru na kwa Wayao yaitwe "mamlaka ya mjomba". "Utawala wa wanawake" ubaki kwa mahali ambapo wanawake kweli walitawala, kama mji wa Simbamwene. Kuhusu "mfumo jike", ambalo limezaliwa kwa kuigiza "mfumo dume", sioni sababu ya kulihifadhi. Jike ni la mnyama, na watu wa lukolo moja hawakustahili tusi hilo.

Limebaki pengo moja ambalo sikuweza kuliziba. Mume anayeishi kwa jamaa za mke, ambaye Wachewa humwita mkamwini, hana jina katika Kiswahili sanifu. "Mkwe" ni neno la wote, na maneno ya mitaani yanayomtaja mume wa namna hiyo ni ya kumdhihaki, kwa kuwa yametungwa na watu wa kuumeni. Wasomaji wa Tunduru, Masasi, Morogoro, Kwale na kwingineko ambako ndoa ya namna hiyo ni jambo la heshima, kama wanalo neno la kwao, tafadhali waliandike pamoja na mfano wa sentensi na jina la mahali linapotumika.